Kuhama bila Kuhamia: Uhakiki wa Lugha ya Maafa na Hifadhi ya Dharura katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Kiswahili kinachotumiwa kuwazungumzia watu waliokosa pa kulala wakati wa mvua kubwa na mafuriko, hasa katika majiji ya Dar es Salaam na Nairobi. Kinachochunguzwa ni maneno na miundo iliyozoeleka katika matangazo ya serikali, taarifa za habari na mazungumzo ya kila siku. Sentensi za mfano zimetungwa kwa kufuata miundo hiyo. Kwa kuegemea mnyambuliko wa vitenzi, makala yanaonyesha kwamba lugha hiyo humtambulisha mtu kwa nyumba aliyoipoteza au kwa mahali anapotakiwa kuondoka, na ni nadra kumtambulisha kwa mahali atakapolala. Mtu ambaye hakuwa na nyumba hata kabla ya mvua hubaki nje ya lugha hiyo, na kwa sababu hiyo hubaki pia nje ya orodha ya misaada. Makala yanahitimisha kuwa Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kumtaja mtu huyo, na kwamba kutozitumia ni uamuzi wa watumiaji wa lugha.

1.0 Utangulizi

Kila msimu wa masika na wa vuli, wakazi wa miji ya Afrika Mashariki husikia msamiati uleule. Mamlaka za hali ya hewa hutoa tahadhari, viongozi huwataka wakazi wa mabondeni wahame, vyombo vya habari huhesabu kaya zilizoathirika, na wahisani hukabidhi magodoro na mablanketi. Msamiati huo umezoeleka kiasi kwamba watafiti wengi wa Kiswahili wameupita bila kuukagua. Istilahi za sheria, tiba na teknolojia zimeandikiwa makala nyingi. Lugha ambayo kwayo huamuliwa nani apewe pa kulala usiku wa mafuriko haijapewa uzito unaolingana na matokeo yake.

Matukio yenyewe yanajulikana. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Mto Msimbazi likafurika, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Waliookolewa walihifadhiwa shuleni, na baadaye baadhi yao wakapelekwa Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, ambako walipewa viwanja. Nchini Kenya, mvua za masika za mwaka 2024 ziliua zaidi ya watu 200. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalisomba makazi huko Mai Mahiu, na siku chache baadaye serikali ikawataka watu walioishi kandokando ya mito na mabwawa waondoke. Katika mitaa ya Mathare na Mukuru jijini Nairobi, baadhi ya nyumba zilisombwa na maji na nyingine zikabomolewa na matingatinga.

Uhakiki huu unatokana na mkabala wa isimu hakiki uliowekwa bayana na Roger Fowler na wenzake katika Language and Control (1979). Katika kitabu hicho, Tony Trew alichunguza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyoripoti mauaji ya Waafrika yaliyofanywa na polisi mjini Salisbury, Rhodesia, mwaka 1975, akaonyesha namna sarufi inavyoweza kumfifisha mtenda hatua kwa hatua hadi tukio likaonekana kujitendekea. Mkabala huo uliundwa kwa kutazama Kiingereza, lugha yenye njia chache za kuonyesha mahusiano ya kitenzi na washiriki wake ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili ni tofauti. Mnyambuliko wake humlazimu msemaji kuchagua, ndani ya neno moja, kama jambo limetendeka, limetendwa, au mtu ametendewa. Kwa hiyo hoja ya Trew, ikipimwa kwa Kiswahili, haina budi kuanzia kwenye viambishi.

2.0 Kuathirika na Kuathiriwa

Neno linalotawala nchini Tanzania ni waathirika. Nchini Kenya ni waathiriwa. Tanzania hutumia pia wahanga, neno ambalo katika usemi wa kujitoa mhanga hubeba maana ya kafara. Tofauti kati ya maneno mawili ya kwanza imekuwa ikijadiliwa kama suala la usanifu, yaani lipi ni sahihi na lipi ni kosa. Mjadala wa namna hiyo unalipita suala lililo muhimu zaidi.

Kauli ya kutendeka, ambayo Ashton (1944) aliieleza kama kauli ya hali, hutaja hali ya kitu bila kudai mtenda. Sentensi zifuatazo zinaonyesha tofauti yake na kauli ya kutendwa:

(1) Nyumba tano zimebomoka.
(2) Nyumba tano zimebomolewa.
(3) *Nyumba tano zimebomoka makusudi.
(4) Nyumba tano zimebomolewa makusudi.

Sentensi ya (3) haikubaliki kwa sababu makusudi huhitaji mwenye nia, na bomoka haimpi mwenye nia nafasi. Sentensi ya (4) inakubalika hata kama mtenda hakutajwa, kwa kuwa bomolewa humdokeza. Tofauti hii si ya darasani tu. Bonde la Msimbazi lilishuhudia nyumba zilizobomoka kwa maji mwaka 2011 na nyumba zilizobomolewa kwa amri, baada ya kuwekwa alama ya X nyekundu, mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016. Mathare ilishuhudia yote mawili ndani ya majuma machache. Taarifa inayojumlisha hali hizo mbili chini ya neno waathirika huwa imeondoa swali la nani alibomoa, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Hapa inaweza kudhaniwa kwamba waathiriwa ni tiba. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Kauli ya kutendwa hufungua nafasi ya mtenda, lakini haisemi nafasi hiyo itajazwa na nini. Katika kirai waathiriwa wa mafuriko, nafasi hiyo hujazwa na mafuriko yenyewe. Maji huwa mtenda, na mitaro isiyozibuliwa, kingo za mito zilizogawiwa viwanja na ukosefu wa nyumba za bei nafuu hubaki nje ya sentensi. Kwa hiyo kubadili -ik- kuwa -iw- bila kubadili kinachofuata baada ya kiunganishi -a hakuongezi uwajibikaji wowote. Mhariri anayesahihisha waathirika kuwa waathiriwa huwa amerekebisha mofolojia na kuiacha simulizi ilivyokuwa.

3.0 Kuhama na Kuhamia

Muundo wa pili unaostahili kukaguliwa ni ule wa amri. Kiini chake ni kitenzi hama katika dhamira tegemezi, kama ilivyo katika (5):

(5) Wakazi wa mabondeni wahame mara moja.

Kitenzi hama huelekezwa kwenye chanzo. Mtu huhama nyumba, huhama mtaa, huhama chama. Ili kutaja mwisho wa safari, Kiswahili huhitaji kauli ya kutendea, yaani hamia. Ndivyo ilivyo pia kwa kimbia na kimbilia. Sentensi ya (6) inatoa taarifa ambayo (5) haina:

(6) Wakazi wa mabondeni wahamie shule ya msingi iliyo jirani.

Inaweza kujibiwa kwamba (5) ni ufupisho wa kawaida, na kwamba msikilizaji atajijazia mwenyewe. Jibu hilo lingetosha iwapo mahali pa kuhamia pangekuwa pamejulikana. Uzoefu wa miji yote miwili unaonyesha vinginevyo. Mtu anayepanga chumba bondeni kwa sababu ndiyo kodi anayoimudu hana ujuzi wa siri kuhusu chumba kingine mlimani. Amri isiyo na -i- ya kutendea humkabidhi mtu huyo jukumu la kukamilisha sentensi, na anaposhindwa huonekana mkaidi. Ndipo kauli ya kutendea inapojitokeza kwa mara ya kwanza katika usemi huu, lakini ikiwa imeambatanishwa na kirejeshi -ji-: wamejitakia. Inafaa izingatiwe kwamba kiambishi kilekile kilichokosekana wakati wa kutaja hifadhi hupatikana bila shida wakati wa kulaumu.

Tukio la Mabwepande linaonyesha pia mpaka wa hoja hii. Huko mahali pa kwenda palitajwa waziwazi: familia zilihamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, baadhi ya waliohamishwa walirejea Jangwani, karibu na soko la Kariakoo walikopatia riziki. Kitenzi hamishiwa kina kiambishi cha kutendea, lakini kina pia usababishi na utendwa: mwingine ndiye aliyehamisha, na anayehamishwa ni mpokeaji wa uamuzi. Katika hamia mwenye kuhama ndiye mtenda. Sarufi peke yake haijengi soko Mabwepande, wala makala haya hayadai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba tofauti kati ya kuhama, kuhamishiwa na kuhamia ni tofauti kati ya sera tatu, na kwamba lugha ya matangazo imekuwa ikizichanganya kana kwamba ni moja.

4.0 Kaya na Asiye na Kaya

Hadi hapa mjadala umewahusu watu waliokuwa na nyumba. Tatizo kubwa zaidi la lugha ya maafa linawahusu wale ambao mvua iliwakuta tayari wako nje: wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, chini ya madaraja, katika vituo vya mabasi na juu ya meza za masokoni. Kwao mvua kubwa si tishio kwa makazi, ni tishio kwa mwili. Nguo zikilowa usiku hakuna pa kuzianika, blanketi likilowa hakuna la pili, na mahali palipokuwa pakavu jana leo ni mfereji.

Lugha ya maafa haina nafasi ya mtu huyo. Tahadhari za hali ya hewa nchini Tanzania hutaja miongoni mwa athari zinazoweza kutokea makazi kuzungukwa na maji. Kauli hiyo ni sahihi kabisa kwa mwenye makazi. Taarifa za baada ya tukio huhesabu kaya. Misaada hugawiwa kwa kaya au kwa familia: Mei 2024, Rais William Ruto alipotangaza fedha kwa waliotakiwa kuondoka kandokando ya mito jijini Nairobi, kiwango kilichotajwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Katika mfuatano huu wote, kipimo ni nyumba. Hata kirai wasio na makazi, ambacho kwa maana yake ya msingi kingepaswa kuwahusu kwanza wanaolala nje, katika taarifa za mafuriko humaanisha waliokuwa nayo wakayapoteza. Neno limehamishiwa kwa mwingine, na mwenyewe ameachwa bila jina.

Majina anayobaki nayo hayamsaidii. Chokoraa limetokana na kitenzi chokora, yaani kufukuafukua, na humtaja mtu kwa kile afanyacho jalalani. Ombaomba humtaja kwa mkono wake ulionyooshwa. Mtoto wa mtaani hutumia kihusishi -a cha umilikaji na kuufanya mtaa kuwa mwenye mtoto. Kwa upande wa Tanzania, neno hili la mwisho lina kinaya cha kiutawala. Mtaa ndio ngazi ya chini ya serikali mijini, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi katika ngazi hiyo. Orodha ya wanaostahili msaada huandaliwa na uongozi wa mtaa unaowafahamu wakazi wake. Mtoto wa mtaani, ambaye jina lake linadai kuwa yeye ni wa mtaa kuliko mtu mwingine yeyote, si mkazi wa mtaa wowote.

Inaweza kupingwa kwamba kuhesabu kaya ni suala la utendaji tu, kwa kuwa wasio na anwani hawahesabiki. Pingamizi hili linakanushwa na serikali zenyewe. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani waliwahesabu watu waliolala nje usiku wa sensa. Walihesabika. Dola iliyoweza kumpata mtu kibarazani ili kumwingiza kwenye takwimu ingeweza kumpata palepale usiku wa tahadhari ya mvua. Kwa hiyo kutomtaja hakutokani na ugumu wa kumwona.

5.0 Hifadhi, Sitara na Kimbilio

Neno la kawaida la mahali wanakopelekwa watu wakati wa maafa ni hifadhi, na kitenzi chake ni hifadhi, hifadhiwa. Neno hili lina mtawanyiko mpana wa maana. Wanyama huhifadhiwa katika hifadhi za taifa, nyaraka huhifadhiwa makavazini, na taarifa za misiba husema mwili wa marehemu umehifadhiwa hospitalini. Kinachounganisha matumizi hayo ni kwamba kinachohifadhiwa hakishiriki katika tendo. Hutunzwa kisiharibike. Mtu anapohifadhiwa shuleni, maana hiyo humfuata: idadi yake hutajwa, mahitaji yake huorodheshwa, lakini kauli yake mwenyewe husikika mara chache. Kitenzi kinachoambatana na hifadhi katika vichwa vya habari ni kabidhi, na kiima chake ni mtoaji: kampuni fulani yakabidhi magodoro, mbunge fulani akabidhi unga. Mpokeaji, akitajwa, huwa mwishoni mwa sentensi, na pichani huwa nyuma ya mtoaji.

Mwambao una neno lingine la kale zaidi katika maisha ya watu, nalo ni sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika, kumkinga, na pia kuificha aibu yake isionekane na watu. Nyumba ni sitara kwa maana zote tatu. Kwa kipimo cha neno hili, msaada unaotolewa mbele ya kamera, mpokeaji akiwa amelowa na kushika godoro, unaweza kuwa hifadhi lakini si sitara. Unamkinga na mvua na papo hapo kumwanika. Mtu anayekataa kwenda kambini wakati maji yanapanda mara nyingi huelezwa kuwa hajitambui. Kwa mtazamo wa sitara, inawezekana anachagua kati ya kulowa na kuanikwa.

Hata hivyo, sitara ina upungufu wake kama istilahi. Ni neno la uhusiano wa ana kwa ana, la jirani na jamaa, na halidai chochote kwa dola. Zaidi ya hayo, jadi hiyohiyo ya ukarimu ina ukomo wake, kama methali ya mgeni na jembe inavyokumbusha: siku mbili za kwanza ni za kupokelewa, ya tatu ni ya kulima. Aliyefurikiwa hana shamba la kulimia siku ya tatu, na darasa alimolala linahitajiwa na wanafunzi Jumatatu. Ndiyo maana neno kimbilio linafaa kufikiriwa kama istilahi ya mahali pa dharura. Limetokana na kimbilia, si kimbia. Ndani yake kuna kauli ya kutendea, kwa hiyo lina mwelekeo, na anayekimbilia ndiye mtenda. Mahali hapawi kimbilio mpaka pawe panajulikana kabla ya kukimbia kuanza.

6.0 Kutendewa

Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda. Kauli ya kutendwa humdokeza. Kiswahili kina kauli nyingine ambayo lugha ya maafa haijaitumia ipasavyo, nayo ni ya kutendewa. Katika kufiwa, kuibiwa, kuchwewa na kunyeshewa, kiima si kilichotendwa bali ni yule ambaye tukio limemwangukia. Aliyefiwa hakufa, kifo kimemfikia. Aliyechwewa hakuchwa, jua limemzamia akiwa njiani. Linganisha:

(7) Kaya 30 zimeathirika na mvua.
(8) Watu 100 wananyeshewa.

Sentensi ya (7) huuliza kwanza kama mtu ana kaya. Sentensi ya (8) haiulizi. Mwenye nyumba iliyoezuliwa ananyeshewa; mpangaji aliyefukuzwa ananyeshewa; mtoto aliyelala kibarazani ananyeshewa. Tofauti zao za umiliki, ambazo zina umuhimu katika fidia na katika mipango ya muda mrefu kama ule wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, hazina nafasi katika saa ile moja ambayo mvua inanyesha. Vilevile (7) iko katika wakati timilifu: jambo limekwisha, kilichobaki ni tathmini. Sentensi ya (8) iko katika wakati uliopo, na kwa hiyo inadai hatua sasa.

Haipendekezwi hapa kwamba ofisi za serikali zianze kuandika wanyeshewa katika fomu zao. Neno likitolewa mitaani na kupachikwa kwenye fomu huweza kupoteza makali yake kama yaliyolitangulia. Kinachopendekezwa ni kwamba dhana iliyomo katika kauli hiyo, ya kumtambua mtu kwa jambo linalomfika na si kwa mali aliyokuwa nayo, iwe ndiyo kipimo cha hifadhi ya dharura.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili cha maafa huanza na nyumba na kuishia kwenye nyumba. Huwaita watu waathirika bila kuuliza nani aliathiri, huwaamuru wahame bila kusema wahamie wapi, huwahesabu kwa kaya na kuwaacha wasio na kaya, na huwahifadhi bila kuwasitiri. Kila moja ya hatua hizi ina mbadala ndani ya lugha ileile, tena katika viambishi ambavyo mzungumzaji yeyote anavimudu.

Yafuatayo yanafuata kutokana na hoja hizo. Tangazo lolote la kuwataka watu wahame lisihesabike kuwa limekamilika kama halina kitenzi hamia na jina la mahali. Orodha za msaada wa dharura zihesabu watu kabla ya kuhesabu kaya. Tahadhari za mvua, zikitaja makazi kuzungukwa na maji, ziwataje pia wanaolala nje na mahali palipofunguliwa kwa ajili yao usiku huo. Wahariri wanaobishana kuhusu waathirika na waathiriwa wahamishie juhudi zao kwenye neno linalofuata. Kwa watafiti, kuna haja ya kukusanya matini za matangazo haya kwa utaratibu, za miaka mingi na za nchi zote mbili, ili ijulikane ni lini hamia hutokea, nani huitumia, na kwa ajili ya nani.

Kazi hiyo haitamkausha mtu aliyelowa. Lakini mtu huyo hawezi kuingizwa katika mpango wowote mpaka awe ameingizwa katika sentensi, na kwa sasa sentensi zinazotangazwa anapoanza kunyeshewa zinamwambia aondoke katika nyumba ambayo hana.